Koti la Simoni

Alute ndiye mwanamume pekee kijijini kwetu niliyewahi kumwona akimsuka mtoto wa kike, tena barazani, mchana kweupe, watu wakipita. Alisuka vibaya. Mistari ilikwenda upogo, lakini Eliana alikwenda nayo shule hivyo hivyo huku akiringa, kwa sababu amesukwa na baba. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimtania, "Mzee, saluni unafungua lini?" naye akiwajibu bila kuinua macho, "Leteni hivyo vichwa vyenu." Naanza na hilo kwa makusudi. Wanaomwona siku hizi akipita na ng'ombe wake, ameinamisha kichwa, wanadhani alizaliwa mnyamavu.

Mimi ni jirani yake. Shamba langu la alizeti na lake la uwele yanapakana, na kati ya nyumba zetu kuna ua wa minyaa tu. Watu huniita Mama Paulo. Nina mdomo, sikatai, na katika habari hii kuna watu nitawasema.

Alute alikuwa na kaka mmoja, Simoni, askari. Simoni alikuwa mtu wa vicheko, akija likizo kijiji kizima kinajua. Alikuwa na koti la kahawia, zito, la mtumba, alilolinunua mnadani Ilongero mwaka alioingia jeshini, na alilivaa kila alipokuja mwezi wa saba, wakati upepo wetu unapokata masikio. Jeshi lilipomtuma Kongo kulinda amani, alimwacha mkewe, Happiness, na mimba, na koti akaliacha kwenye msumari nyuma ya mlango. Alisema kule kuna joto, halitamfaa.

Eliana alizaliwa baba yake akiwa hukohuko. Simoni alimwona kwenye picha ya simu, basi. Hakuwahi kumshika.

Masika ya mwaka ule mtoto, mchanga kabisa, alishikwa na degedege. Mto unaotutenganisha na kituo cha afya cha Ilongero ulikuwa umejaa, pikipiki hazipiti, na Happiness alikuwa bado dhaifu wa uzazi. Alute hakumuuliza mtu. Alimchukua mtoto, akamweka juu ya kichwa chake, akamshika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndoo, akaingia majini. Maji yalimfika kifuani. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika mwavuli ambao haukuwa na kazi yoyote, namtukana kila hatua, nikimwambia atatuua wote. Yeye alikuwa anaimba. Aliimba wimbo wa kutwangia uwele, wimbo wa wanawake, kwa sababu ndio pekee uliomjia. Mtoto alipona. Habari ya mto ule Alute hakumsimulia Eliana hata alipokua, akisema mtoto akijua aliwahi kufikishwa mlangoni pa kifo ataogopa maji maisha yake yote.

Mtoto alikuwa bado hajaanza kukaa Simoni aliporudishwa kwenye sanduku lenye bendera. Askari walikuja na magari, wakapiga risasi hewani, mbuzi wakatawanyika hadi jioni tukawa tunawatafuta. Alizikwa nyuma ya zizi, kaburi likasakafiwa vizuri, na msalaba wenye jina lake. Mama yao, bibi Theresia, hakulia. Alikaa chini akishika udongo.

Sasa niseme kuhusu ukoo wao, maana hapa ndipo kila kitu kiliposhonewa. Kwao mtu mwenye mtoto mdogo akifa, siku ya kumaliza msiba wazee humvisha ndugu yake nguo ya marehemu. Mzee Obadia, baba mdogo wa akina Alute, alilitoa lile koti msumarini, akamvika Alute mbele yetu sote, akamwekea mtoto mapajani. "Simoni ameketi," alisema. Na likishasemwa neno hilo, mtoto si yatima tena. Ana baba, huyo aliyeketi. Mtu haruhusiwi kumwambia vinginevyo. Kumwambia ni kumfukua marehemu.

Happiness hakukaa sana. Alikonda, akaugua, mafao ya mumewe yakaishia hospitalini, na kabla mtoto hajasimama tukamzika pembeni ya Simoni. Agnes, mke wa Alute, alimfunga Eliana mgongoni siku ile ile. Mungu hakuwa amewajalia mtoto, na sidhani kama baada ya hapo waliendelea kumwomba.

Mtaniuliza kijiji kizima, chenye midomo kama wangu, kiliwezaje kunyamaza miaka yote hiyo. Kiliweza. Labda minong'ono ilimfikia, sijui. Lakini mtoto anayetoka shule akamkuta baba yake amesimama njiani anamsubiri, kwa nini atafute mwingine? Alijua kwamba kaburi la nyuma ya zizi ni la baba mkubwa Simoni, askari. Kila kuelekea Pasaka alilifagia, akapanga mawe meupe kulizunguka. Nilikuwa nikimwangalia kupitia minyaa.

Eliana akamaliza la saba. Alifaulu, tena vizuri, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kusema. Shida ikaanza hapo. Shule ya sekondari iliyokuwapo ni ya mbali, wasichana wanapanga vyumba vya udongo karibu nayo, wanajipikia, wanajilea, na tumeshawaona wangapi wakirudi na matumbo. Mvua mwaka ule zilikatika uwele ukiwa unachanua. Alute alizunguka kila mahali. Alikwenda hadi Sekenke kuchimba dhahabu na vijana, akarudi anakohoa, mikono mitupu. Nilimsikia akimwambia Agnes uani, "Akibaki hapa, mwaka kesho kutwa ni mke wa mtu." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake.

Ndipo wageni walipokuja.

Waliletwa na mtendaji wetu, Zefania, ambaye ni mtu wa Iramba na mambo ya ukoo wa watu hayajui. Mmoja alikuwa Kapteni mstaafu Sostenes, mrefu, viatu vinang'aa hadi vinatia aibu kwenye vumbi letu. Mwingine ni Mama Yustina, mjane wa askari. Walikuwa na mfuko wao wa hisani, wa wajane na wastaafu, unaosomesha watoto wa askari waliokufa kazini. Shule ya bweni, kila kitu juu yao, hadi mtoto atakapofika mwisho wa masomo yake. Walikuwa wanamtafuta mtoto wa marehemu Simoni.

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali na Alute alikuwa ndani ya koti. Nilikuwapo kwa sababu nilikwenda kuazima ungo. Eliana akaitwa, akaja anafuta mikono kwenye sketi, akapiga goti kidogo.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye Eliana, mtoto wa marehemu Simoni?"

Eliana akacheka. "Hapana. Simoni ni baba mkubwa, kaburi lake mimi ndiye ninayelifagia. Baba yangu huyu hapa." Akaenda akasimama karibu na Alute, akashika mkono wa koti.

Kapteni akamgeukia Alute. "Mzee, huyu ni mtoto wako?"

Ninyi mngejibu nini? Mtoto ameshika mkono wako. Mama yako mzazi amekaa mlangoni anasikiliza. Koti la marehemu uko nalo mwilini.

"Wangu," Alute akasema.

"Wa kumzaa mwenyewe?"

"Ni wangu."

Nilifungua mdomo. Agnes akanishika kiwiko akanifinya hadi nikaufunga. Kapteni akashusha pumzi, na alilolisema sijamsamehe hadi leo, ingawa alisema kwa wema. "Nakushukuru, mzee. Kwingine tumeletewa watoto ambao baba zao wako hai wamejificha vichakani, tunaambiwa ni yatima. Wewe umekuwa mkweli." Akampa mkono.

Mama Yustina hakuondoka haraka. Alikwenda akalitazama kaburi lililofagiwa, kisha akamtazama Eliana usoni, kwa muda. Alipopita mbele ya Alute alisema taratibu, "Kesho tuko Unyambwa, kwenye uwanja wa shule, tunawapokea watoto wa mkoa huu. Hadi mchana tutakuwapo."

Gari lilipoondoka nilimvaa Alute. Nilimwambia amemfukia mtoto akiwa hai. Nilimwambia mengi, mengine siwezi kuyaandika. Alinisubiri nimalize.

"Mama Paulo," akasema, "ningelisemaje hilo mbele yake, ameshika mkono wangu?"

Jua lilikuwa bado juu tulipokwenda kwa Mzee Obadia, mimi na yeye. Walizungumza Kinyaturu, taratibu, kama watu wanaopima chumvi. Mzee hakukataa. Alisema tu masharti. Aliyevishwa akimtaja marehemu mbele ya mtoto kuwa ndiye baba yake, koti linarudi kwa mama aliyemzaa marehemu. Halivaliwi tena. Aliyeketi anainuka, anarudi kuwa mtu wake wa zamani.

"Na mtoto?" Alute akauliza.

"Mtoto anakuwa yatima," Mzee Obadia akasema. "Utakuwa umemfanya wewe."

Nilikasirika. Nilimwambia mzee yule kwamba mila ya namna hiyo haina huruma. Akaniangalia akasema, "Ilikuwa na huruma miaka yote hii. Hukuiona?"

Njiani Alute aliniuliza neno moja tu. "Hizo shule za bweni, wanakula vizuri?" Nikamwambia wanakula. Akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka, alimchukua Eliana hadi kaburini. Agnes alikataa kutoka nje. Mimi nilikuwa upande wangu wa minyaa, na sitajifanya kwamba sikutazama. Maneno sikuyasikia. Nilimwona Eliana ameshika fagio, anacheka, akidhani anataniwa. Kisha nikamwona anausoma msalaba, jina ambalo alikuwa amelifuta vumbi tangu hajajua kusoma. Fagio likaanguka. Akaanza kumpiga Alute kifuani, kwa ngumi, na Alute akasimama tu, mikono chini, koti linacheza na upepo.

Halafu mtoto alilia. Ule mlio sijui niuelezeje. Bibi Theresia, ambaye hakulia siku ya maziko, aliusikia akiwa ndani, na yeye akapiga yowe. Watu wakaja mbio kutoka mashambani, wanawake wakijifunga kanga viunoni, wanauliza nani amekufa.

"Simoni," wakaambiwa.

"Simoni yupi?"

"Simoni huyu huyu."

Wakakaa chini wakalia naye, wangefanya nini. Tulimlilia Simoni mara ya pili, na safari hii mwanawe alikuwa mkubwa wa kutosha kulia mwenyewe. Katikati ya kilio Alute alilivua koti. Alilikunja kwa uangalifu, mikono ndani, akampelekea mama yake aliyekuwa chini, akaliweka mapajani pake. Ndani alikuwa amevaa shati lililochanika bega. Hapo ndipo na mimi nilipolia. Sikumlilia Simoni.

Tulikwenda Unyambwa kwa bodaboda, mimi, Alute na Eliana, tumebanana nyuma ya dereva. Eliana alikaa kati yetu na hakumshika Alute kiuno kama ilivyokuwa kawaida yake. Alishika chuma.

Uwanjani palikuwa na turubai na viti vya plastiki. Watoto walisimama mmoja mmoja, wakataja majina yao na ya baba zao, na watu wakawapigia makofi. Kapteni Sostenes alipomwona Alute alikunja uso. "Mzee, jana si ulisema ni mtoto wako?"

"Nilisema."

"Na leo?"

Alute alisimama na lile shati lililochanika bega. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, "Huyu ni mtoto wa marehemu Simoni. Mimi ni mdogo wake marehemu tu."

Lile "tu" nalisikia hadi leo. Kapteni alianza kusema kwamba hawawezi kuchezewa, leo hivi kesho vile, lakini Mama Yustina alimgusa bega. Aliniita pembeni, akaniuliza, nikamweleza habari ya koti tangu mwanzo. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaenda kumwambia mwenzake. Mtendaji Zefania, aliyekuwa pale, naye akathibitisha, maana kijiji kilikuwa kimemweleza asubuhi ile. Kisha wakamwita Eliana mbele.

"Jina lako, binti?"

Shule nzima alikuwa Eliana Alute.

"Eliana Simoni," akasema.

Wakapiga makofi. Walikuwa watu wazuri, na mimi niliwachukia kwa makofi yale. Alute naye alipiga. Alipiga kwa muda mrefu kuliko wote.

Eliana aliondoka na gari lao muda mfupi baadaye, na sanduku jipya la bati, kwenda mkoa mwingine. Nashukuru, na nitaendelea kuwashukuru, kwa sababu mtoto anasoma, amenenepa, na anaongea na watu wazima bila woga. Mfuko ule umefanya ulichosema utafanya. Sina mtu wa kumlaumu, na ndiyo maana linaniuma zaidi.

Mwezi wa sita alirudi likizo. Nilikuwa kwao, nachambua kunde na Agnes, Alute amejifunga shuka la kuchungia kwa sababu ya baridi. Eliana akateremka kwenye bodaboda, mrefu, amenyoa nywele. Akamsalimia bibi, akamsalimia Agnes, akanisalimia mimi. Kisha akasimama mbele ya Alute, kwa adabu zote walizomfundisha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," Alute akasema.

Tulikunywa chai. Eliana alizunguka zunguka na kikombe chake, kisha akakaa kwenye kigoda karibu na Alute. Alisema shuleni kwao kuna siku ya kuwakumbuka baba zao. Kila mtoto husimama akasema kitu kimoja anachokikumbuka. Mmoja alisema baba yake alimfundisha kuendesha baiskeli. Mwingine alisema alikuwa akinukia dawa ya viatu.

"Mimi nilisimama nikanyamaza," akasema. "Kila ninachokumbuka ni wewe, na wewe siye. Nikakaa chini." Akakiangalia kikombe. "Baba mdogo, aliwahi kunishika? Hata mara moja?"

Agnes aliacha kuchambua. Alute alitazama upande wa zizi, kule kwenye kaburi.

"Alikushika," akasema.

"Lini?"

"Alikuja mara moja, siku chache tu, wewe mchanga. Ukashikwa na degedege. Masika, mto umejaa." Alikuwa anaongea polepole, na mimi nikawa nimeshajua anakwenda wapi, nikataka kumzuia, sikuweza. "Alikuweka juu ya kichwa chake, akakushika kwa mikono miwili, akaingia majini. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa anakuimbia."

"Aliimba nini?"

"Wimbo wa kutwangia." Akauimba kidogo, kwa sauti yake mbaya. Eliana alikuwa amefumba macho.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Alute alikaza shuka mabegani. "Mimi nilibaki ng'ambo," akasema. "Niliogopa maji."

Eliana akanigeukia mimi, uso umewaka, sijamwona hivyo tangu siku ya kaburi. "Mama Paulo, ni kweli? Ulikuwepo?"

Nimesema nina mdomo. Nimewahi kumjibu mtendaji, padri, na polisi wa barabarani. Nilimtazama Alute, naye akanitazama, na sijawahi kuombwa kitu na mtu kwa macho namna ile.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilishika mwavuli. Maji yalimfika Simoni kifuani."

Eliana alishusha pumzi ndefu. Kisha akanyoosha mkono akaugusa mkono wa Alute, kwa upole, kama mtu mzima anayemsamehe mwenzake.

"Pole, baba mdogo," akasema. "Hata mimi ningeogopa."